Maswali Mnayouliza Kila Siku Kuhusu Central High ya Little Rock

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi sana, kwenye simu, kwenye gari, mezani, mpaka nikaona bora niyaweke sehemu moja. Kila mgeni akitoka nyumbani akafika huku Arkansas nampeleka Park Street akaione ile shule, na kila mtu akishuka kwenye gari anauliza yaleyale.

Kitu kimoja nakisema mapema. Hii ilikuwa shule ya wazungu tu, mpaka watoto tisa weusi walipoandikishwa na wakazuiwa kuingia, na wengi wetu tunaijua kwa picha moja ya siku moja ya mwaka huo, 1957. Lakini shule yenyewe iko pale tangu 1927, na yale mateso hayakuwa ya siku moja jamani, yalikuwa ya mwaka mzima wa masomo, halafu ukaja mwaka wa pili ambao watu hata hawauongelei.

Hivi hii ni shule ya serikali kweli? Mbona jengo kama ikulu?

Ya serikali, ya kawaida kabisa, mtoto anasoma bure. Jengo lilifunguliwa 1927 na lilikula dola milioni moja na nusu, pesa ya enzi hizo, gazeti la New York Times likaandika kwamba hakuna sekondari iliyojengwa kwa gharama kubwa kama ile, na chama cha wasanifu majengo cha Marekani kikaisifia kuwa ndiyo sekondari nzuri kuliko zote nchini. Ukisimama mbele unaona ngazi mbili zinapanda kushoto na kulia, na juu ya milango kuna sanamu nne, kila moja ina jina lake: Ari, Haiba, Fursa na Maandalizi. Mimi kila nikiitazama ile ya Fursa natulia kidogo, kwa sababu imekaa pale juu miaka 30 inatazama watoto wa rangi moja tu wakipita chini yake.

Jina la kwanza lilikuwa Little Rock Senior High School. Central wamekuja kuiita 1953, maana mji ulikuwa unajiandaa kujenga sekondari nyingine ya wazungu, Hall High, upande wa magharibi kwa wenye nazo.

Na watoto weusi walikuwa wanasoma wapi?

Swali zuri na watu wengi hawalifikii. Walikuwa na Dunbar, imefunguliwa 1929, ukitoka Central unafika kwa miguu tu. Dunbar ilijengwa kwa kama dola laki nne, na sehemu ya hiyo hela ilibidi itoke mfuko wa Rosenwald, yaani msaada, siyo bajeti ya mji. Linganisha na ile milioni moja na nusu. Mwanzoni wakubwa wa mji walitaka iwe shule ya ufundi tu, watoto weusi wafundishwe kazi za mikono basi, wazazi wakakataa katakata, wakataka masomo kamili. Wakayapata. Dunbar ikawa shule ya sifa, na juu yake kulikuwa na chuo kidogo cha miaka miwili, familia zikawa zinahamia Little Rock kutoka vijijini ili mtoto asome pale.

Naomba hili likae kichwani unaposoma hayo mengine. Wale watoto tisa hawakwenda Central kwa sababu kwao hakukuwa na walimu wazuri. Walimu wao walikuwa wazuri mno. Walichokosa ni maabara, vitabu vipya, madarasa ya kutosha, vitu ambavyo kodi za wazazi wao pia zilikuwa zinalipia kule Park Street.

Nani aliamua wachanganywe?

Mahakama Kuu ya Marekani, tarehe 17 Mei 1954, kesi ya Brown, ikasema kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Bodi ya shule ya Little Rock ikasema sawa tutatii, lakini mkurugenzi wa elimu wa mji, Virgil Blossom, akatengeneza mpango wa polepole kweli kweli, waanze wachache, waanze sekondari moja, na hiyo moja ikawa Central. Hall High ya matajiri ikafunguliwa 1957 hiyohiyo bila mtoto mweusi hata mmoja. Kwa hiyo wazungu wa kipato cha chini waliokuwa wanapeleka watoto Central wakaona mzigo wametupiwa wao peke yao, na hiyo hasira ikapata wa kuichochea.

Kwa nini tisa tu?

Walijitokeza wengi zaidi, wakachujwa. Waliangalia alama, tabia, mahudhurio, na wakaambiwa wazi kwamba ukiingia Central hakuna michezo, hakuna kwaya, hakuna bendi, hakuna dansi, unakwenda darasani unarudi nyumbani. Ernest Green alikuwa anapiga saksafoni. Jefferson Thomas alikuwa mkimbiaji. Waliyaacha yote hayo mlangoni. Wengine wakajitoa, wazazi wengine waliogopa kupoteza kazi na siwalaumu hata kidogo, mwishoni wakabaki tisa: Minnijean Brown, Elizabeth Eckford, Ernest Green, Thelma Mothershed, Melba Pattillo, Gloria Ray, Terrence Roberts, Jefferson Thomas na Carlotta Walls. Carlotta ndiye mdogo, alikuwa na miaka 14. Kumi na minne! Mtoto wa kidato cha pili kwetu.

Na nyuma yao alikuwepo mama mmoja, Daisy Bates, kiongozi wa NAACP Arkansas, yaani chama cha kutetea haki za watu weusi, yeye na mume wake walikuwa na gazeti lao la Arkansas State Press. Nyumba yake ndiyo ilikuwa kituo, watoto wanakutana pale asubuhi na wanarudi pale jioni kusimulia. Akarushiwa jiwe dirishani likiwa na karatasi ya kumtishia kwamba safari ijayo ni baruti. Gazeti likanyimwa matangazo mpaka likafa 1959. Leo barabara inayopita ubavuni mwa shule ina jina lake, na tangu 2024 sanamu yake iko ndani ya jengo la bunge la Marekani kule Washington, akiuwakilisha mkoa wa Arkansas uleule.

Yule dada mwenye miwani ya jua kwenye picha ni nani, na kwa nini yuko peke yake?

Elizabeth Eckford, miaka 15. Gavana Orval Faubus alikuwa ameita askari wa mkoa, wale wa National Guard, akidai anataka kulinda amani, kumbe kazi yao ilikuwa kuwazuia watoto wasiingie. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Septemba mama Bates akapiga simu kwa familia zote kwamba kesho tukutane sehemu moja twende pamoja na wachungaji. Kwa kina Elizabeth hakukuwa na simu. Ujumbe haukumfikia.

Basi binti wa watu kaamka, kavaa gauni jeupe alilolishona mwenyewe na dada yake kwa ajili ya siku ya kwanza ya shule, kapanda basi la mji, kashuka, akawa anatembea kuelekea kwa askari akidhani wapo kumlinda. Wakamfungia njia. Akajaribu tena mbele, wakamfungia tena. Nyuma yake umati unapiga kelele anyongwe. Akatembea mtaa mzima mpaka kwenye benchi la kituo cha basi akakaa, peke yake, kundi limemzunguka. Mwandishi wa habari mmoja, Benjamin Fine, akakaa pembeni yake, na mama mmoja mzungu, Grace Lorch, akaugombeza ule umati na kupanda naye basi mpaka akatoka pale salama.

Mimi nina binti. Nikifika hapo kwenye maelezo mara nyingi sauti inakata.

Na yule msichana anayempigia kelele nyuma?

Hazel Bryan, naye alikuwa na miaka 15. Picha ilipigwa na Will Counts, kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa amesoma Central. Miaka michache baadaye Hazel akamtafuta Elizabeth kwa simu akaomba msamaha, na 1997 wakapigwa picha pamoja mbele ya shule, wakawa marafiki kwa muda, halafu urafiki ukavunjika. Watu hawapendi kusikia hicho kipande cha mwisho, wanataka picha ya kukumbatiana ndiyo iwe mwisho wa habari. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na Elizabeth ana haki zote za kuamua anamwamini nani na kwa muda gani.

Wanajeshi waliingiaje?

Mahakama ikaamuru gavana awaondoe askari wake. Tarehe 23 Septemba watoto wakaingizwa kwa mlango wa pembeni, nje kuna umati wa kama watu elfu moja, waandishi weusi wakapigwa barabarani, na kabla hata ya saa sita mchana polisi wakaona hawawezi kuuzuia ule umati, watoto wakatolewa kwa siri ndani ya magari. Meya Woodrow Mann akamwandikia rais kuomba msaada. Siku inayofuata Rais Eisenhower akatuma kikosi cha 101 cha askari wa miamvuli, zaidi ya wanajeshi elfu moja kutoka Fort Campbell, na wale askari wa gavana akawachukua wote wawe chini yake yeye. Tarehe 25 wale watoto tisa wakapanda zile ngazi za mbele mchana kweupe, wamezungukwa na bunduki zenye singe.

Dunia nzima ilikuwa inatazama. Ghana ilikuwa imepata uhuru miezi sita tu nyuma, redio za Moscow zikawa zinaitangaza Little Rock kila leo, na Eisenhower mwenyewe alipohutubia taifa alikiri kwamba maadui wa Marekani wanafurahia mambo yale.

Wanajeshi walipofika si mambo yakaisha?

Hapana, hapo ndipo yalipoanza. Ndugu zangu, hili ndilo swali lililonifanya niandike hii kurasa. Mwanajeshi anaweza kukusindikiza korido, hawezi kuingia na wewe chooni, hawezi kukaa bafuni baada ya kipindi cha michezo, hawezi kuzuia goti linalokugonga kwenye ngazi. Na wale wa kikosi cha 101 wenyewe Novemba walikuwa wameshaondoka, wakabaki wale askari wa mkoa walewale ambao Septemba walimfungia Elizabeth njia.

Walisukumwa kwenye ngazi, walitemewa mate, makabati yao yalivunjwa na vitabu kuchanwa, Melba alimwagiwa kitu cha kuunguza machoni na mwanajeshi aliyekuwa naye ndiye aliyemkimbiza kwenye maji. Shule ilikuwa ikipigiwa simu za mabomu kila mara. Na walikuwa wameambiwa wasijibu. Kila siku. Mwaka mzima. Wanafunzi karibu elfu mbili mle ndani, waliokuwa wanafanya ukatili ni kundi dogo, waliokuwa wanaonyesha wema ni wachache zaidi, na wengi kabisa walikuwa wanageuza uso tu. Ukiwasikiliza wale tisa walivyokuja kusimulia uzeeni, hicho cha watu kugeuza uso kinawauma kuliko unavyodhani.

Ni kweli mmoja alifukuzwa shule kwa sababu ya chakula?

Minnijean. Desemba 1957 alikuwa amebeba sinia lake kwenye kantini, wavulana wakawa wanamsukumia viti apite asipite, sinia likamwagika, ile supu nzito ya nyama na maharage ikawapata wawili kichwani. Wanasema kulikuwa na ukimya, kisha wahudumu weusi wa jikoni wakapiga makofi. Akasimamishwa. Akarudi, wakaendelea kumchokoza hadi akajibu kwa maneno, Februari 1958 akafukuzwa kabisa, akaenda kumalizia New York. Shuleni zikasambazwa kadi zikisema mmoja kaondoka wamebaki wanane.

Nani alimaliza wa kwanza?

Ernest Green, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa mwaka wa mwisho. Mahafali yalikuwa tarehe 27 Mei 1958 uwanja wa Quigley hapohapo shuleni, wahitimu zaidi ya 600. Kila jina likitajwa watu wanapiga makofi, likatajwa la kwake kimya kikashuka uwanja mzima. Martin Luther King alikuwepo, amekaa na familia, kaja kimyakimya bila kutangazwa.

Huo "mwaka uliopotea" ni upi?

1958 mpaka 1959. Gavana Faubus, badala ya kukubali, akafunga sekondari zote za serikali mjini, zote nne, za wazungu na za weusi. Wapiga kura wakaulizwa, 19,470 wakasema bora zibaki zimefungwa kuliko kuchanganya watoto, 7,561 wakakataa. Wanafunzi 3,665 wakabaki hawana shule. Watoto wa kizungu wengi walipata pa kujishikiza, shule ya binafsi ilifunguliwa haraka haraka, wengine wakapelekwa kwa ndugu mikoa mingine. Watoto weusi karibu nusu hawakusoma kabisa mwaka ule. Wengine waliingia jeshini, wengine waliolewa, wengine walikwenda kuvuna pamba, na wapo ambao hawakurudi tena darasani maisha yao yote. Hao hawana sanamu popote.

Walimu walikuwa na mikataba, kwa hiyo kila asubuhi walikwenda kukaa kwenye madarasa matupu. Na timu ya mpira wa Kimarekani ya Central iliendelea kucheza mechi zake msimu ule, shule imefungwa lakini mpira unachezwa. Ukitaka kujua watu walithamini nini, hapo umeshajua.

Mei 1959 wajumbe wa bodi waliokuwa upande wa ubaguzi wakajaribu kuwafukuza walimu na wafanyakazi 44 kwa kuwashuku kwamba wanaunga mkono kuchanganya watoto. Hapo ndipo mji ulipoamka. Walikuwepo akina mama wa kizungu waliokuwa wamejikusanya tangu Septemba kudai shule zifunguliwe, wakiongozwa na bibi mmoja wa miaka ya sabini na kitu, Adolphine Fletcher Terry, wakapita mlango kwa mlango, ikapigwa kura, wale wajumbe wakaondolewa. Agosti 1959 shule zikafunguliwa. Jefferson na Carlotta wakarudi. Februari 1960 nyumba ya kina Carlotta ikalipuliwa kwa bomu, bahati hakuumia mtu, na kesho yake binti akaenda shule. Mwaka huo akahitimu, msichana mweusi wa kwanza kumaliza Central.

Faubus? Alichaguliwa tena na tena, akakaa ugavana mpaka 1967.

Hii si ndiyo ileile ya kwetu enzi za mkoloni?

Inafanana sana, na wazee wakiisikia hawashangai. Kenya na Tanganyika nako kulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi, na za Waafrika, na hela zilifuata rangi hivyohivyo. Tofauti ni kwamba kwetu bendera ilibadilika na serikali mpya ikaamuru zifunguliwe kwa wote. Hapa bendera ni ileile, katiba ni ileile, jirani ni yuleyule, na aliyefungua mlango ni mtoto mwenye begi la vitabu. Wale Wakenya 81 waliopanda ndege ya akina Tom Mboya kuja kusoma Marekani walifika Septemba 1959, wiki chache tu baada ya hizi sekondari za Little Rock kufunguliwa tena. Hiyo ndiyo nchi waliyoikuta.

Wale tisa wako wapi?

Jefferson Thomas alifariki 2010 na Thelma Mothershed Wair 2024. Terrence Roberts akawa mwanasaikolojia, Melba mwandishi wa habari, Ernest akafanya kazi wizara ya kazi enzi za Rais Carter, Gloria akaishi na kufanya kazi Ulaya miaka mingi. Elizabeth alirudi kuishi Little Rock, na kwa miaka mingi hakuweza kuongelea ile siku bila kulia. Mwaka 1999 wote tisa walipewa medali ya dhahabu ya bunge la Marekani.

Bado ni shule mpaka leo?

Bado! Watu wanadhani ni makumbusho. Ina wanafunzi zaidi ya elfu mbili, weusi, weupe, Walatino, wenye asili ya Asia, kengele inalia, chui milia wao bado ndiye nembo yao, rangi zao bado dhahabu na nyeusi. Tangu 1998 eneo lake ni la urithi wa taifa, na ndani ya maeneo yote ya namna hiyo Marekani hakuna jingine lenye sekondari inayofundisha. Wanafunzi wenyewe wana mradi wa kuwahoji wazazi na babu zao kuhusu haki na ubaguzi, wanakusanya kumbukumbu, kazi nzuri sana ile.

Na msidhani mabishano yameisha. Agosti 2023, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, wizara ya elimu ya mkoa iliondoa somo la historia ya Wamarekani weusi kwenye orodha ya masomo yanayohesabika, na Central ilikuwa moja ya shule zilizokuwa zinalifundisha. Mji ukasema watalifundisha hivyohivyo.

Nikija naweza kuingia?

Kituo cha wageni kiko ng'ambo ya barabara, bure, fika asubuhi. Ndani ya shule huingii hivihivi kwa sababu watoto wako darasani, lazima uweke nafasi mapema na utembezwe na maofisa wa hifadhi. Ile stesheni ya mafuta ya zamani kwenye kona ndiko waandishi walikokuwa wanagombania simu mwaka 1957, wameitengeneza ikawa kama ilivyokuwa.

Halafu usiondoke bila kushuka na Park Street mpaka kituo cha basi. Tarehe 4 Septemba 2018 waliweka benchi pale, mfano wa lile la Elizabeth, na wanafunzi wa Central walishiriki kulitengeneza. Ukifika kaa. Wageni wangu wengi wanapiga picha wakiwa wamesimama, mimi huwaomba wakae kwanza dakika chache, waitazame ile barabara ndefu aliyotoka nayo, ndiyo tunarudi kwenye gari.